Jinsi ya kuchagua tinti ya gari inayozuia joto kweli, kwa sisi wa Tanga

Kuanzia Desemba hadi Machi, kaskazi inapovuma, gari lililoegeshwa juani Ngamiani tangu asubuhi halikaliki ifikapo saa saba mchana. Usukani unaunguza viganja, chuma cha mkanda hakishikiki, na kiyoyozi kinahangaika mpaka unafika Kange ndipo unaanza kuhisi ubaridi. Msimu huo ndio watu wengi huamua kuweka tinti, na wengi hupoteza pesa hapohapo, maana wakifika kwa fundi huuliza jambo moja tu: "Unayo nyeusi kuliko hii?"

Weusi wa karatasi ya tinti haukuambii inazuia joto kiasi gani. Ipo karatasi nyeusi tii inayopitisha joto jingi, na ipo nyingine nyeupe, ukiitazama hujui kama kioo kimewekwa kitu, nayo inazuia joto kuliko ile nyeusi. Namwandikia mtu mwenye gari la kawaida lililotoka Japani, IST, Raum, Noah au Harrier, ambaye shida yake ni jua na wala hatafuti kujificha. Fuata hatua hizi kabla hujatoa hata shilingi ya kwanza.

Hatua ya 1: Elewa kinachoingia kwenye kioo

Jua limebeba vitu vitatu. Cha kwanza ni mwanga tunaouona, wenye takribani asilimia 44 ya nguvu yote ya jua. Cha pili ni infraredi, mionzi isiyoonekana ambayo ngozi inaihisi kama joto, takribani asilimia 53. Kilichobaki, kama asilimia 3, ni urujuanimno, ule unaochoma ngozi na kupausha vitambaa vya siti.

Mwanga nao ni joto. Ukigonga dashibodi nyeusi unageuka joto palepale, kwa hiyo karatasi nyeusi inasaidia kiasi kwa kuwa inakata mwanga. Ila zaidi ya nusu ya nguvu ya jua iko kwenye infraredi, na rangi nyeusi peke yake haiigusi sana. Hapo ndipo karatasi ya bei ndogo na karatasi ya maana zinapoachana.

Urujuanimno ni mdogo kwa kiasi lakini madhara yake ni makubwa. Kioo cha mbele kimetengenezwa kwa vipande viwili vya kioo vilivyobana utando wa plastiki katikati, na utando huo unazuia karibu urujuanimno wote. Vioo vya milangoni kwa kawaida ni kipande kimoja cha kioo kigumu, navyo hupitisha sehemu kubwa ya urujuanimno wa aina ya A, unaopenya ndani ya ngozi na kuizeesha. Mwaka 2012 jarida la tiba la Marekani, New England Journal of Medicine, lilichapisha picha ya dereva wa miaka 69 aliyeendesha gari la kusambaza bidhaa kwa miaka 28. Kule usukani uko kushoto, na shavu lake la kushoto lilikuwa na makunyanzi mazito kama la mtu mwingine kabisa. Sisi tunakaa kulia, basi mkono wa kulia na shavu la kulia ndivyo vinavyolipa.

Kama ndani ya gari lako hupanda mtu mwenye ualbino, mtoto au mkubwa, naomba uichukulie hatua hii kwa uzito wa pekee. Karatasi bora huzuia takribani asilimia 99 ya urujuanimno hata ikiwa nyeupe kabisa. Huna haja ya kioo cheusi ili kumlinda, na huna sababu ya kungoja mpaka upate pesa za gari zima. Anza na dirisha analokaa yeye.

Hatua ya 2: Kagua gari lako na njia unazopita

Gari nyingi zinazoshuka kutoka Japani zinakuja na vioo vyeusi kuanzia milango ya nyuma hadi mwisho, na vyeupe mbele. Sababu ni sheria ya Japani: kioo cha mbele na vya milango ya mbele lazima vipitishe mwanga usiopungua asilimia 70. Ule weusi wa nyuma umechanganywa ndani ya kioo chenyewe kiwandani. Pitisha ukucha pembeni mwa kioo kwa ndani, huoni ukingo wa karatasi wala huwezi kuubandua. Watu wengi wakiuona husema, "Gari langu tayari lina tinti." Kioo kile kilitengenezwa zaidi kwa ajili ya faragha. Kinanywa joto, kinapata moto, kisha joto lile linaingia ndani taratibu na kumkuta aliyekaa nyuma. Kukiongezea karatasi nyeupe ya kuzuia joto kuna faida kubwa, na mwonekano wa gari haubadiliki.

Sasa njia zako. Tanga iko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Jua likiwa utosini mchana, vioo vya milangoni haviguswi sana kwa kuwa vimesimama wima. Linaloingia ni lile linalopiga kioo cha mbele na cha nyuma, kwa sababu vimelala. Asubuhi na jioni mambo yanageuka: jua liko chini na linaingia ubavuni, mbele au nyuma, kutegemea unaelekea wapi.

Mtu anayeishi mjini na kufanya kazi Muheza huenda upande wa magharibi asubuhi na kurudi mashariki jioni. Jua liko mgongoni mwake safari zote mbili, na wanaoungua ni watoto waliokaa nyuma. Anayeishi Muheza na kuja kazini bandarini linampiga usoni kwenda na kurudi, na karatasi yoyote ya mlangoni haitamsaidia kitu. Wafanyabiashara wanaokwenda Dar wana lao. Ukikata Segera kuelekea Chalinze unakwenda kusini, na ukiwa umeondoka mchana, jua la alasiri liko magharibi, yaani kulia kwako. Ukirudi asubuhi kutoka Chalinze kwenda Segera unaelekea kaskazini, jua liko mashariki, kulia kwako tena. Safari nzima ni ya mkono wa dereva. Mtu wa namna hiyo mwenye bajeti ndogo aweke karatasi bora kabisa kwenye kioo cha dereva na cha abiria wa mbele, vingine vingoje.

Kwa hiyo kabla ya kwenda kwa fundi, tazama kwa wiki moja jua linakupata wapi na saa ngapi. Ukifika useme: "Nataka hiki na hiki." Ukisema "weka gari zima", utauziwa kilichopo.

Hatua ya 3: Soma namba za kipeperushi

Kila karatasi ya maana ina kipeperushi chenye namba, na namba nne ndizo za kushughulika nazo.

VLT ni asilimia ya mwanga unaopenya. VLT 5 ni giza, VLT 20 ni nyeusi, 35 ni ya wastani, 50 ni kivuli chepesi, 70 karibu huioni. Inakuambia weusi tu, basi.

UV ni kiasi cha urujuanimno kinachozuiwa. Karatasi karibu zote, hata za bei ya chini, huandika 99, kwa hiyo namba hii haitakusaidia kuchagua kati ya moja na nyingine. Ikiwa chini ya hapo, achana nayo.

IR ni kiasi cha infraredi kinachozuiwa, na hapa ndipo pana ujanja mwingi. Infraredi ya jua imetanda kuanzia nanomita 780 hadi 2500 (nanomita ni kipimo cha urefu wa mawimbi ya mionzi). Kampuni inaweza kupima sehemu nyembamba tu, tuseme 900 hadi 1000, pale karatasi yake inapofanya vizuri, ikaandika "IR 95" kwa herufi kubwa. Hawajasema uongo, lakini wamekuonyesha kona moja ya nyumba. Uliza: "Hii imepimwa kuanzia nanomita ngapi hadi ngapi?" Muuzaji anayejua biashara yake atakujibu au atakutafutia jibu.

TSER ndiyo namba yako. Inajumlisha mwanga, infraredi na urujuanimno, na kusema karatasi inakataa asilimia ngapi ya nguvu yote ya jua. Karatasi ya rangi (aina za karatasi nazieleza Hatua ya 4) yenye VLT 20 mara nyingi huishia kwenye TSER ya 40 na kitu. Karatasi nzuri ya seramiki yenye VLT 70, ile isiyoonekana, hufikia hapo au kuipita. Ukiweka namba hizo mbili pamoja, habari ya weusi imekwisha. Angalia pia chini ya jedwali kwa maandishi madogo: baadhi ya kampuni huandika TSER iliyopimwa jua likipiga kwa pembe ya nyuzi 60, na namba hiyo huwa kubwa kuliko ya jua linalopiga kioo moja kwa moja. Linganisha pembe kwa pembe.

Nilimsindikiza mwalimu mmoja anayefundisha Muheza kwenda kutafuta tinti. Fundi akamtolea karatasi nyeusi.

"Mwalimu, weka hii, jua hulioni tena."

"Kaka, inazuia joto asilimia ngapi?"

"Tisini na tisa."

"Tisini na tisa ya nini? Ya joto lote?"

Fundi akachukua kipeperushi, akakigeuza, akafuata mistari kwa kidole. Tisini na tisa ilikuwa kwenye safu ya UV. Kwenye safu ya TSER iliandikwa 43. Hakuwa na nia mbaya, alikuwa anarudia alichoambiwa aliponunua mzigo. Mwalimu akamshukuru na kumwomba amwonyeshe nyingine yenye TSER kubwa, wakaanza kuzungumza biashara ya kweli.

Hesabu ndogo ya kukukinga na maneno makubwa: mwanga una asilimia 44 ya nguvu ya jua. Karatasi yenye VLT 70 inapitisha saba ya kumi ya hizo, sawa na 31 hivi. Hata ingezuia infraredi yote na urujuanimno wote, 31 zimeshaingia. Haiwezekani kabisa karatasi nyeupe namna hiyo ikakataa asilimia 90 ya joto. Akikuambia hivyo, mwombe kipeperushi.

Hatua ya 4: Jua aina za karatasi

Tunaiita karatasi, lakini ni plastiki nyembamba ya poliesta yenye gundi upande mmoja na utando mgumu wa kuzuia mikwaruzo upande mwingine. Tofauti iko kwenye kilichowekwa ndani yake.

Ya rangi ndiyo ya bei ndogo. Imetiwa rangi tu, basi. Inanywa joto, kioo kinapata moto, na sehemu ya joto hilo inarudi ndani, hasa gari likiwa limesimama bila upepo wa kupoza kioo kwa nje. Ubaya wake mkubwa kwetu ni kwamba jua huila rangi. Rangi zilizochanganywa kutoa weusi hazififii kwa kasi moja, ndipo unapoona gari lina vioo vya zambarau. Likishafika hapo, halizuii kitu na dereva haoni vizuri.

Ya metali ina chembe za metali zinazorudisha jua nje. Inazuia joto vizuri, lakini inasumbua mawimbi ya redio, simu na GPS. Gari nyingi za Kijapani zina antena ya redio ndani ya kioo cha nyuma au cha ubavuni nyuma, na ukiwa na kifaa cha kufuatilia gari kilichofichwa chini ya dashibodi nacho kinaweza kutatizika. Siipendekezi.

Ya kaboni haififii upesi kama ya rangi na inazuia infraredi kiasi. Kwa mtu asiyefika bei ya seramiki, hii ni pesa iliyotumika vizuri.

Ya seramiki ina chembe ndogo mno zinazozuia infraredi huku zikiacha mwanga upite, na haisumbui mawimbi. Bei yake ni mara kadhaa ya ile ya rangi. Msimamo wangu ni huu: kwa jua la pwani, ni heri vioo viwili vya seramiki kuliko gari zima la karatasi ya rangi utakayoibandua baada ya muda mfupi na kulipa upya. Neno "seramiki" nalo limekuwa la kila mtu, linabandikwa kwenye boksi lolote. Ndiyo maana hatua ya tatu inatangulia hii. Majina makubwa kama 3M, LLumar, SunTek na XPEL yana vipeperushi vyao kwenye intaneti. Fungua simu, tafuta jina kamili la karatasi unayoonyeshwa, na linganisha namba za kampuni na za muuzaji. Boksi si ushahidi, kwa sababu boksi tupu nalo linauzika.

Hatua ya 5: Jaribu juani, usiishie kwenye taa

Fundi wengi wana kiboksi chenye taa nyekundu ya joto. Wanaiwasha, unaweka mkono, unaungua. Wanaingiza kipande cha kioo chenye karatasi, moto unapotea, unaguna na kutoa pochi.

Taa ile inatoa infraredi nyingi na mwanga kidogo tu, kwa hiyo haifanani na jua. Haikuonyeshi kitu kuhusu ile asilimia 44. Tena jaribio huchukua sekunde chache, wakati karatasi inayonywa joto inahitaji dakika kadhaa kabla kioo hakijaanza kulirudisha kwako. Ukikubali jaribio la taa, usiondoe mkono upesi. Kaa dakika tano.

Jaribio la haki ni la bure. Omba vipande viwili vya kioo chenye karatasi tofauti zenye VLT inayolingana, toka nje saa sita mchana, vishike sambamba juu ya mkono wako uliotandazwa, kimoja karibu na kiwiko na kingine karibu na kiganja. Subiri. Ngozi itasema. Ukilinganisha nyeusi na nyeupe utajidanganya, kwa sababu macho yataamua kabla ya mkono. Na kama fundi ana kile kipimo kinachosoma nguvu ya jua kwa wati kwa mita ya mraba, bora zaidi: mchana mweupe kitaonyesha karibu 1000 bila kitu, kisha weka kioo kitupu mbele yake, kisha kioo chenye karatasi, uone namba inavyoshuka.

Hatua ya 6: Amua weusi wa kila kioo, kwa kuzidisha

Watu husahau kwamba kioo chenyewe kina VLT yake. Kioo cheupe cha mlangoni hupitisha takribani asilimia 80 ya mwanga. Ukiweka karatasi ya 70, unazidisha: 0.8 mara 0.7, unapata 56. Kwenye kioo cheusi cha kiwandani cha nyuma, tuseme kinapitisha 25, ukiongeza karatasi ya 35 unabaki na chini ya 9. Usiku huoni kitu kinachokuja nyuma unaporudi kinyumenyume.

Kwa hiyo mapendekezo yangu kwa gari la familia ni karatasi ya VLT 70 milango ya mbele, na ya 70 hiyohiyo juu ya vioo vyeusi vya nyuma. Kwenye kioo cha mbele weka yenye VLT ya 88 au zaidi, au usiweke kabisa. Kioo cha 80 na karatasi ya 88 vinakuacha kwenye 70, kiwango ambacho nchi nyingi hukitaka kwa kioo cha mbele. Usipoweka, nunua kile kizuizi cha kung'aa cha kukunja, uwe unakitandaza nyuma ya kioo kila unapoegesha. Kinafanya kazi kubwa kwa pesa ndogo.

Usishuke chini ya hapo mbele hata kama utalipwa. Hili nalisema kwa moyo wote. Tanga ni mji wa baiskeli, na usiku kutoka Mikanjuni hadi Pongwe utakutana na waendesha baiskeli wasio na taa, bodaboda yenye taa moja iliyokufa, na wazee wanaotoka msikitini wamevaa kanzu, hao angalau wanaonekana. Kioo cheusi cha mlango wa dereva kinaficha hasa kile kinachotokea ubavuni unapokata kona. Kwenye masika, mvua ikichanganyika na giza, ni vibaya maradufu.

Na trafiki yupo. Usalama barabarani kwetu unaongozwa na sheria ya mwaka 1973, na kanuni na maelekezo ya kiutekelezaji hubadilika. Kabla hujalipa, pita kituo cha polisi, upande wa trafiki, waulize wanaruhusu nini kwa vioo vya mbele kwa sasa. Kama unavuka Horohoro kwenda Mombasa mara kwa mara, uliza na ya upande wa pili. Swali la dakika kumi linakuokoa na kubanduliwa tinti kando ya barabara kwa wembe.

Hatua ya 7: Chagua fundi kwa kuangalia mahali pake

Karatasi bora kwenye mikono mibaya ni hasara. Fundi wa tinti anahitaji chumba kilichofungwa. Akibandika chini ya mwembe kando ya barabara, upepo wa bahari utaleta mchanga na vumbi, na kila chembe itakayonasa chini ya karatasi itabaki hapo milele kama kipele. Uangalie sakafu: fundi makini humwagia maji kabla ya kuanza ili vumbi litulie.

Angalia kazi aliyomaliza, hasa kioo cha nyuma kilichopinda. Je, kimewekwa kipande kimoja, au vipande vilivyoungwa kufuata mistari ya kuondolea ukungu? Kipande kimoja kinahitaji kupashwa kwa hewa moto mpaka karatasi ikae kwenye umbo la kioo, na hiyo ndiyo alama ya fundi aliyekomaa. Fungua mlango, shusha kioo kidogo, utazame ukingo wa juu: karatasi iishie milimita moja au mbili kabla ya ukingo, kwa mstari ulionyooka. Ikivuka ukingo, mpira wa mlango utaanza kuibandua. Kwenye gari zenye nukta nyeusi pembezoni mwa kioo, utaona ukanda mweupe kidogo pale karatasi isipogusa vizuri. Hiyo ni kawaida, usimlaumu.

Gari likiwa na tinti ya zamani, ibanduliwe kwanza. Kubandika juu yake ni uzembe. Pale kwenye mistari ya kioo cha nyuma, fundi alainishe gundi kwa mvuke au maji moto ya sabuni, avute taratibu kwa kufuata mistari. Akikwangua kwa wembe kukatisha mistari, ukungu wa masika utabaki nawe.

Muulize pia atafunika nini. Maji ya sabuni yanayotumika kutelezesha karatasi hutiririka hadi kwenye swichi za vioo. Taulo juu ya kila swichi na juu ya dashibodi ni jambo dogo lisilojadiliwa.

Kabla ya kulipa omba karatasi ya dhamana iliyoandikwa jina kamili la bidhaa, VLT ya kila kioo, tarehe, na mambo yanayofunikwa: kugeuka zambarau, kutoa mapovu, kuchubuka, kupasuka. Bei nayo iandikwe kioo kwa kioo.

Hatua ya 8: Siku ya kuweka na wiki zinazofuata

Kama una uhuru wa kuchagua, weka kiangazi. Karatasi hubandikwa ikiwa na maji, na maji hayo yanatoka taratibu. Kwa jua la Januari huchukua siku chache. Masika, unyevu ukiwa mwingi, inaweza kufika wiki tatu au nne.

Peleka gari likiwa limeoshwa, ndani limefyonzwa vumbi. Kaa karibu wakati fundi anakwangua kioo kwa ndani, maana chumvi ya bahari na moshi hutengeneza utando usioonekana, na maji ya kwanza anayopangusa mara nyingi huwa ya kahawia. Kioo kisafishwe mpaka mpira wa kukwangulia maji uteleze bila kukwaruza.

Akimaliza, bandika kipande cha utepe juu ya swichi za vioo na usishushe kioo kwa siku nne au tano. Waambie na watu wa nyumbani, hasa watoto. Utaona mawingu ya maji na vimapovu. Usivibonyeze kwa kidole wala kuvitoboa kwa sindano. Ukungu wa maji hupungua kila siku na kuisha. Chembe ngumu yenye ncha haiishi, hiyo ni vumbi. Kimoja kimoja pembeni si neno, lakini kikiwa mbele ya macho ya dereva au vikiwa vingi, una haki ya kioo kile kurudiwa.

Baada ya hapo safisha kwa maji na sabuni laini na kitambaa cha nyuzi laini. Dawa za vioo zenye amonia, zile zenye harufu kali inayopanda puani, huua karatasi na gundi. Gazeti na brashi vikae mbali.

Gari likisimama juani saa nzima litapata joto hata likiwa na karatasi bora kuliko zote. Tinti inapunguza kasi na kusaidia kiyoyozi kushinda ukiwa unatembea, lakini haimlindi mtoto aliyeachwa ndani vioo vimefungwa, hata kwa dakika unazoingia dukani Barabara ya Kumi na Mbili.

Mwezi ukitimia, rudi kwa fundi mkague pamoja kioo kimoja kimoja, kwa mwanga wa asubuhi, ukiwa umebeba ile karatasi ya dhamana. Mambo ya kurekebishwa ni rahisi kukubaliwa wakati huo kuliko mwaka unaofuata.